Umeme wa Chumbani: Vifaa, Kanuni na Maisha ya Bweni la Chuo



Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapokabidhiwa ufunguo wa chumba, mara nyingi hukabidhiwa pia karatasi ya kanuni aitie sahihi. Humo mna orodha ya vitu asivyoruhusiwa kuwa navyo: hita ya maji, jiko la umeme, birika la umeme, pasi, friji, na pengine feni. Anatia sahihi. Baada ya wiki chache, katika vyumba vingi, baadhi ya vitu hivyo vimo chini ya kitanda, vimefungwa kwenye khanga au vimefichwa ndani ya ndoo. Mlezi wa bweni anajua, na mwanafunzi anajua kuwa mlezi anajua. Siku ya ukaguzi vinakamatwa vichache, na kesho yake vingine vinanunuliwa.

Leo naomba tuichukue orodha hiyo kwa uzito unaostahili. Hoja yangu ni kwamba kifaa huingia chumbani pale ambapo chuo kimeacha kutoa huduma fulani, au hakijawahi kuitoa. Ukiisoma orodha ya vilivyokatazwa kwa jicho hilo, utaona mahitaji ya binadamu aliyepewa kitanda na meza, akaachwa atafute mwenyewe maji ya moto, chakula na nguo iliyonyooshwa. Historia ya vyuo vya ng'ambo na ya vyuo vyetu inathibitisha jambo hili, na inatuonyesha pia njia ya kutoka.

Moto kabla ya umeme

Tuanzie mbali kidogo. Harvard, chuo kikongwe kuliko vyote nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1636. Bweni lake la kale zaidi ambalo bado limesimama, Massachusetts Hall, lilijengwa kati ya mwaka 1718 na 1720. Katika mabweni ya zama zile joto lilitoka kwenye meko, na mwanga ulitoka kwenye mshumaa na baadaye taa ya mafuta. Kuni na mishumaa vilikuwa gharama ya mwanafunzi. Aliyekuwa na uwezo alisoma hadi usiku wa manane chumba kikiwa na joto. Asiye na uwezo alilala mapema au alijibanza kwa mwenzake.

Hatari nayo ilikuwa ile ile tunayoiogopa leo. Januari 1764, usiku wa baridi kali, jengo la Harvard Hall liliteketea pamoja na maktaba ya chuo na vifaa vyake vya sayansi. Usiku ule wanafunzi walikuwa likizo. Waliokuwa wakilitumia jengo ni wabunge wa jimbo, waliokimbia ndui mjini Boston, na iliaminika kuwa moto ulianzia kwenye meko ya maktaba. Chuo kililijenga upya jengo lile, na mabweni yaliendelea kupashwa moto kwa meko, kwa sababu hakuna mtu angeweza kuishi kule majira ya baridi bila moto. Hapo pana somo la kwanza: hitaji likiwa la kweli, hatari peke yake haiwezi kuliondoa. Kinachoweza kuiondoa hatari ni njia nyingine ya kulitimiza hitaji lile lile. Meko ziliondoka vyumbani pale vyuo vilipojenga mitambo ya kupasha joto majengo yote kwa mvuke na maji ya moto, na mishumaa iliondoka pale waya wa umeme ulipofika. Kabla ya hapo hakuna kanuni iliyoweza kuviondoa.

Sisi tunalijua hilo kwa uchungu wa karibu zaidi. Agosti 2009, moto uliwaka katika bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na wanafunzi 12 walipoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa. Ile ilikuwa shule ya sekondari, nami leo nazungumzia vyuo, lakini siwezi kuzungumza juu ya vifaa vya bwenini nikawapita wale mabinti kimya. Mwanafunzi anayesoma kwa mshumaa baada ya taa kuzimwa anafanya kazi ile ile aliyotumwa na wazazi wake kuifanya. Taa ndogo ya kuchaji kwa jua ingemtosha.

Bweni la vitu vya pamoja

Umeme ulipoingia katika mabweni ya Ulaya na Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, uliingia kwa ajili ya taa. Mhandisi alipiga hesabu ya balbu ya darini na labda taa ya mezani, akapitisha waya mwembamba unaotosha kazi hiyo. Huduma nyingine zote zilikuwa za pamoja. Chakula kililiwa bwaloni, nguo zilipelekwa kwa dobi, na simu ilitundikwa ukutani kwenye korido, moja kwa sakafu nzima. Ikilia, aliye karibu aliipokea na kumwita mwenye nayo kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vilijengwa kwa mfano huo. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikakua hadi kuwa chuo kikuu ambacho vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walikutana katika kumbi zake za kulala. Dar es Salaam, chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kikawa chuo kikuu kamili Julai 1970, pale Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika kuwa vitatu. Majengo ya kulala ya enzi ile yalikuwa na makusudi yanayoeleweka. Taifa changa lilikuwa linawaandaa watumishi wake wachache, likawalisha, likawalaza, likawafulia. Chumba kilikuwa mahali pa kusoma na kulala. Mwanafunzi hakuhitaji jiko, kwa sababu saa saba mchana kengele ya kafeteria ilikuwa inamwita.

Burudani nayo ilikuwa ya wote. Redio ndiyo iliyokuwa kifaa cha kwanza kumilikiwa chumbani, hasa baada ya redio ndogo za transista kuenea katika miaka ya 1960. Betri kavu zilitosha, na waya wa jengo haukuguswa. Televisheni ilifika kwa nyakati tofauti: Kenya mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Ilipofika chuoni ilikaa katika ukumbi wa pamoja, ndani ya kabati la vyuma lenye kufuli. Mechi kubwa ilijaza ukumbi hadi madirishani. Taarifa ya habari ilifuatwa na mjadala uliowakutanisha wa sheria, wa uhandisi na wa ualimu, watu ambao darasani hawakuwa na njia ya kukutana.

Silipambi bweni lile kupita kiasi. Lilikuwa la wachache mno, na wanawake walikuwa wachache zaidi. Lakini lilisimama juu ya makubaliano yaliyokamilika: chuo kinakataza jiko, na chuo hicho hicho kinapika.

Friji iliyojua kusubiri

Makubaliano yale yalipolegea, waya wa taa ukabebeshwa mizigo ambayo haukutengenezewa. Marekani yalilegea mapema. Baada ya Vita Kuu ya Pili vyuo vilifurika, na vijana wakaja na vitu vya nyumbani: redio za mezani, santuri, feni, vikausha nywele, majiko madogo ya koili. Vyuo vikajibu kwa orodha za marufuku zinazofanana sana na zetu. Kisha ikaja oveni ya maikrowevu. Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aliivumbua katika kazi ya rada mwaka 1945, na ile ndogo ya kuweka juu ya meza ilianza kuuzwa na Amana mwaka 1967 kwa dola 495. Bei iliposhuka, wanafunzi wakaitaka bwenini. Ilipika haraka, haikuwa na koili inayowaka, wala haikuacha mwali wazi. Lakini ilikula umeme mwingi, na mabweni ya zamani yalikuwa bado na waya zake za balbu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Massachusetts, Robert Bennett alianzisha kampuni ya MicroFridge. Bidhaa yake ilikuwa friji ndogo na maikrowevu vilivyounganishwa kuwa kifaa kimoja, chenye plagi moja. Ndani yake mlikuwa na saketi iliyokata umeme wa friji kila maikrowevu ilipowashwa, ili viwili hivyo visivute umeme kwa wakati mmoja. Friji haiharibiki ikisubiri dakika chache. Mzigo ukabaki ndani ya kiwango ambacho waya wa jengo la zamani ungeweza kuubeba, na vyuo vilivyokuwa vikikataza vitu hivyo viwili vikaanza kuvikodisha kwa wanafunzi wao wenyewe.

Mvumbuzi huyu aliuliza swali ambalo watunga kanuni hawakuliuliza. Wao waliuliza kifaa kinaitwaje, naye akauliza kinavuta kiasi gani na kwa wakati gani. Hilo ndilo swali la fundi, nami nadhani linafaa kuwa swali la utawala pia.

Hesabu ya waya

Basi na tulijibu swali hilo kwa tarakimu, maana bila hizo tutabaki tukilaumiana.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Tuseme korido moja ya bweni ina saketi ya soketi inayolindwa na swichi ya ampea 20. Zidisha 230 kwa 20, unapata wati 4,600. Hiyo ndiyo bajeti ya korido nzima. Hita ya kuchemshia maji ya wati 1,000 inavuta zaidi kidogo ya ampea 4. Wanafunzi wanne wakichovya hita zao ndooni saa kumi na mbili asubuhi, saketi inabeba. Wa tano akichomeka yake, wamevuka. Lakini kompyuta mpakato yenye chaja ya wati 65 ni jambo jingine kabisa, kwani sabini kati ya hizo zinaweza kuchajiwa kwa pamoja kwenye saketi ile ile. Chaja za simu za wati 10 zinaingia zaidi ya mia nne. Kwa hiyo anayewakaripia wanafunzi kwa kuchaji simu usiku kucha anapoteza pumzi yake bure. Umeme mwingi unakwenda kwenye kila kitu kinachozalisha joto: hita, jiko, pasi, birika.

Hatari yenyewe ilielezwa na mwanafizikia wa Uingereza, James Joule, katika miaka ya 1840. Joto linalozaliwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo. Ukiuzidisha mkondo mara mbili, joto la waya huwa mara nne. Ukiuzidisha mara tatu, huwa mara tisa. Ndiyo maana ekstensheni ya bei poa, yenye waya mwembamba, inayobeba jiko na pasi kwa pamoja, hulainika ganda lake na kutoa harufu kabla ya kuwaka. Na ndiyo maana ile tabia ya kufunga waya wowote mahali pa fyuzi iliyokatika ni ya kuogopwa kuliko hita kumi. Fyuzi iliyokatika imefanya kazi yake. Aliyeifunga kwa waya amehamisha mahali pa kukatikia, kutoka kwenye kisanduku cha umeme hadi ndani ya ukuta, nyuma ya kitanda cha mtu.

Mwanafunzi hana njia ya kuyaona haya. Kwenye geto la kupanga mtaani, vijana watatu wanaochangia LUKU, umeme wa kulipia kabla, wanajua fika nani alipasha maji na nani alipiga pasi shati tatu, maana uniti zinashuka mbele ya macho yao. Bwenini umeme hauna uso. Hauhesabiwi kwa chumba wala kwa sakafu, na bili inakwenda ofisi ambayo mwanafunzi hajawahi kuingia. Tunamtaka awe mwangalifu kuhusu kitu ambacho hatujawahi kumwonyesha.

Jiko lilivyoingia

Sasa tuje kwetu, katika miaka ambayo makubaliano ya kale yalivunjika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali zetu zikiwa katika marekebisho ya uchumi, mzigo wa elimu ya juu ulianza kurudishwa kwa familia. Tanzania ilianza sera ya kuchangia gharama mwaka 1992. Kenya, katika miaka hiyo hiyo, chakula cha bure katika vyuo vikuu kilikoma na utaratibu wa kila mtu kulipia anachokula ukaanza. Mikopo ikawekewa taasisi zake: Kenya kwa sheria ya mwaka 1995, Tanzania kwa sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005. Kafeteria zikaachwa kwa wazabuni wanaouza chakula kwa faida, jambo ambalo ni haki ya mfanyabiashara.

Mwanafunzi mwenye pesa ya kujikimu, ile tunayoiita bumu, akawa na hesabu mpya ya kufanya. Akila kafeteria mara tatu kwa siku, bumu halifiki mwisho. Akinunua kilo ya mchele, maharage, mafuta na nyanya, akapika na mwenzake, linafika na linabaki la kunakilisha notisi. Hapo koili ikaingia vyumbani Nairobi, na hita na jiko la umeme vikaingia Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro. Kanuni za miaka ya kafeteria ya bure zilibaki vile vile, neno kwa neno, ilhali kafeteria yenyewe ilikwisha ondoka. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na sisi tumewaweka vijana wetu katika hali ya kuvunja mwiko kila jioni ili wale.

Idadi nayo ikaongezeka. Vyumba vya wawili vikapokea wanne, kisha wasiopata nafasi wakalala kwa wenzao, desturi iliyoitwa kubebana. Kila aliyebebwa alikuja na simu yake, pasi yake na njaa yake, na saketi ilikuwa ile ile ya mwaka jengo lilipofunguliwa. Serikali imejenga tangu hapo. Hosteli za Magufuli pale Mlimani, zilizofunguliwa Aprili 2017, zina majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Hebu tufanye hesabu moja zaidi. Wanafunzi 3,840 wakiwasha kila mmoja hita ya wati 1,000 kwa dakika ile ile, jambo ambalo halitatokea kamwe, watavuta megawati 3.84. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, limejengwa kutoa megawati 2,115. Kwa hiyo nchi inao umeme wa kuwapikia watoto wake. Kinachopungua ni mita chache za mwisho za waya, kutoka kisanduku cha sakafu hadi mahali salama pa kuweka sufuria.

Waya wa pili

Mtu anaweza kuniambia kwamba kubadilisha nyaya za majengo yote ni ndoto. Namjibu kwa historia ya waya mwingine, ambao vyuo viliupitisha kwa hiari na kwa haraka.

Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth, jimboni New Hampshire, walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitengeneza lugha ya programu iitwayo BASIC, pamoja na mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Wazo lao lilikuwa kwamba kila mwanafunzi, hata wa historia au muziki, awe huru kuitumia kompyuta kama anavyoitumia maktaba. Miaka 20 baadaye, mwaka 1984, chuo hicho kilipitisha nyaya za mtandao hadi vyumba vya kulala na kuwahimiza wanafunzi wapya wanunue kompyuta za Macintosh. Drexel, mjini Philadelphia, kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza kumtaka kila mwanafunzi anayeingia awe na kompyuta yake. Mwaka huo huo wa 1984, Michael Dell, kijana wa miaka 19, alikuwa akiunganisha na kuuza kompyuta kutoka chumbani kwake alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin.

Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ilienea. Kuta za mabweni yenye miaka mia zilitobolewa, dari zikafunguliwa, na kila kitanda kikapewa tundu lake la mtandao. Matokeo hayakutabiriwa na mtu. Mwaka 1999 Shawn Fanning, mwanafunzi wa Northeastern mjini Boston, alitoa programu ya Napster ya kubadilishana muziki, na mitandao ya vyuo ikaelemewa hadi baadhi ya vyuo vikaizuia. Mwaka 2000 bendi ya Metallica ilivishitaki vyuo vikuu kadhaa pamoja na Napster yenyewe. Februari 2004 Mark Zuckerberg aliizindua Facebook akiwa chumbani kwake, Kirkland House, Harvard. Vyuo vilihangaika, lakini hakuna kilichong'oa nyaya. Vilipanua njia, vikaweka viwango, vikaendelea.

Kwa nini waya wa mtandao ulipitishwa na waya wa jiko ukanyimwa? Kwa sababu wakuu wa vyuo waliuona ule wa kwanza kuwa sehemu ya elimu, na wa pili wakauona kuwa utovu wa nidhamu. Uamuzi ulikuwa wa macho ya mtazamaji. Kijana aliyelala na njaa hasomi, awe na mtandao wa kasi kiasi gani.

Kwetu, mtandao haukungoja waya wa chuo. Mwanzoni mwa karne hii tulipanga foleni kwenye maabara za kompyuta na vibanda vya intaneti, tukilipa kwa dakika. Simu ya mkononi ilimaliza foleni ya simu ya korido. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ilileta pesa za mzazi hadi kitandani. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, bei ikaanza kushuka, na bando likaingia katika bajeti ya mwanafunzi pamoja na unga na mafuta. Leo simu janja moja ni redio, televisheni, maktaba, benki na barua. Vitu vilivyojaza ukumbi wa pamoja vimeingia mfukoni, na kwa hesabu ya umeme ni wati 10 tu.

Nafurahia faida hiyo bila kusita. Binti wa Kigoma anasoma makala zile zile anazosoma mwenzake wa Boston. Lakini ukumbi wa televisheni umekaa mtupu, na mjadala wa mwanasheria na mhandisi umehamia kwenye makundi ya simu ambamo kila mtu anazungumza na wanaofanana naye. Mahali pekee ambapo nawaona wanafunzi wa fani tofauti wakikaa tena kwa duara ni kwenye sufuria. Wanachanga, mmoja anachambua mchele, mwingine anakata vitunguu, wa tatu anasimulia alivyokwama kwenye hesabu za takwimu. Tunakamata jiko lile kama ushahidi wa kosa, na hatuoni kwamba limerudisha kitu ambacho chuo kilikipoteza.

Yafanyike nini

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa mapendekezo matano, yote ya kazi ya fundi na kalamu ya mtawala.

Kwanza, kila sakafu ya bweni iwe na jiko la pamoja. Chumba kimoja, vigae ukutani, meza ya zege, masinki mawili, dirisha pana, saketi yake peke yake yenye waya mnene, na swichi inayokata umeme unapovujia ardhini au mwilini mwa mtu. Katika majengo ya zamani, chumba kimoja cha kulala kitolewe kwa kazi hiyo. Tutapoteza vitanda vinne tupate usalama wa mamia.

Pili, katika majiko hayo viwekwe vyungu vya umeme vya shinikizo. Maharage yanayochukua saa kadhaa kwenye koili yanaiva humo kwa muda mfupi zaidi. Tena chungu chenyewe, kikishapata joto, huvuta umeme kwa vipindi tu, kwa kuwa kimefunikwa barabara na joto halipotei. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Watakaoongoza kaya za mwaka 2034 ndio hawa walioko bwenini leo. Haifai serikali iwahimize kupika kwa umeme na chuo kiwaadhibu kwa kupika kwa umeme.

Tatu, kanuni ziandikwe kwa wati. Chumbani, kila kifaa kisichozidi kiwango kilichotajwa kiruhusiwe: taa, feni, redio, kompyuta, chaja. Vya joto viende jikoni na chumba cha kupigia pasi. Kanuni ya namna hiyo haitazeeka kifaa kipya kikivumbuliwa, na mwanafunzi ataweza kuifuata kwa kusoma kibandiko nyuma ya kifaa chake.

Nne, kila sakafu iwe na mita yake mahali pa wazi, na kila muhula fundi awape wakazi saa moja ya mafunzo: namna ya kusoma wati, kuitambua ekstensheni mbovu, kukata umeme palipo na moto, na kwa nini fyuzi haifungwi kwa waya. Wahandisi wa mwaka wa tatu wanaweza kuyatoa mafunzo hayo wenyewe.

Tano, mlezi wa bweni apewe kazi ya kutunza usalama badala ya kukamata watu. Mwanafunzi akiona soketi inatoa cheche, aripoti bila kuogopa kuulizwa alikuwa amechomeka nini. Leo anayeripoti anajitia hatiani, kwa hiyo soketi inaendelea kutoa cheche kimya kimya, na huo ukimya ndio unaoua.

Mnaweza kuniuliza fedha zitoke wapi. Kisheria na kimaadili chuo kinachopokea ada ya malazi kimekubali kumlaza mtu mzima mwenye mwili, na mwili unakula, unaoga na unavaa. Gharama ya jiko la pamoja ilipwe kwa mpango, jengo baada ya jengo, kuanzia yale yenye nyaya kongwe zaidi. Naomba chama cha wanafunzi na idara ya majengo wakae meza moja mwezi huu, wachague sakafu moja ya kuanzia, na watuletee michoro yake na bei yake kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.